CHAMBO HAI: MUMI WA JARUBANI NA SANGARA WA GHUBA YA MWANZA

 

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu chambo. Naam, chambo kile cha kutia kwenye ndoano. Najua wapo watakaouliza: Je, bwana shamba amepotea njia? Sisi watu wa Mwakitolyo ni watu wa mpunga, mahindi, pamba na ng'ombe. Ziwa tunalisikia tu, na kuliona ni mpaka upande gari. Chambo kinatuhusu nini?

Kinatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, baada ya mavuno vijana wengi wa upande huu hushuka ziwani kutafuta fedha. Wengine huenda kwenye machimbo, na wengine huingia katika mitumbwi ya Ghuba ya Mwanza. Pili, samaki anayependwa sana kwa chambo na wavuvi wa sangara siye mgeni kwetu. Ni mumi, yule kambale mwenye sharubu anayeingia katika majaruba yetu mvua zinapoanza, na ambaye watoto humwokota matopeni maji yakikauka. Kumbe samaki tunayemchezea huku, kule ni mali.

Lakini mali hii ina masharti yake. Nitaanza na kisa kimoja ili tuelewane.

Siku moja nilikwenda kumtembelea mzee mmoja wa kata yetu. Tukisha kusalimiana, akanichukua nyuma ya shamba lake, mahali palipokuwa na duara la zamani la wachimbaji. Duara lile lilikuwa limeachwa, mvua ikalijaza, likawa bwawa. Hatua chache juu yake palikuwa na mwalo wa kuchenjulia dhahabu, na maji ya marudio yalikuwa yakichuruzika hadi mle bwawani. Mzee akatupa pumba kidogo. Maji yakachafuka kwa mumi! Walikuwa wengi, wanene, wa kila ukubwa.

"Bwana shamba," akaniambia, "kijana wa dada yangu yuko ziwani. Anasema chambo hai kinatafutwa usiku na mchana. Mimi ninacho cha bure. Kesho kutwa tunapakia."

Nikamwambia, "Mzee wangu, samaki hawa usiwauze."

Akanitazama. "Wasiuzwe kwa nini? Chambo hakiliwi na mtu. Chambo kinaliwa na sangara."

Ndugu wasikilizaji, shikeni jibu hilo la mzee. Ni jibu la mtu mwenye akili, na wengi wetu tungejibu vivyo hivyo. Nitalirudia baadaye. Kwanza twende ziwani tukaone chambo hai kinafanya kazi gani, maana huwezi kufuga kitu cha kuuza bila kujua mnunuzi anakitumiaje.

KAZI YA CHAMBO HAI

Sangara ni samaki mla samaki. Aliletwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea ziwa zima. Samaki huyu huwinda sana wakati wa mwanga hafifu, yaani magharibi, usiku na alfajiri. Katika mwanga kama huo, kinachomvuta ni kitu kinachotikisika. Kipande cha nyama kilicholala kimya anaweza kukipita, lakini samaki mdogo anayehangaika kwenye ndoano humwita.

Ndiyo maana wavuvi wanataka chambo kilicho hai, tena kitakachokaa hai muda mrefu. Hapo ndipo mumi anapowashinda wengine. Dagaa akitolewa majini hufa mara moja. Furu naye hachukui muda. Mumi amejaliwa kiungo cha pekee juu ya mashavu yake kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu kama sisi. Hivyo anavumilia ndoo, anavumilia safari, na akitungwa vizuri hucheza kwenye ndoano usiku kucha.

Wavuvi wa ghuba hutumia ndoano kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mshipi wa mkono. Mtu mmoja au wawili hupanda kimtumbwi kidogo cha kupiga kafi, hushusha ndoano yenye chambo, na kungoja. Katika nchi za ng'ambo wapo watu wanaovua hivi kwa starehe siku za mapumziko, katika kimtumbwi chembamba kiitwacho kayaki. Kwetu si starehe, ni unga wa nyumbani. Njia ya pili ni kamba ndefu ya ndoano nyingi. Kamba kuu hunyooshwa majini, na kila baada ya nafasi hufungwa kikamba kifupi chenye ndoano na chambo. Mawe huishusha na maboya huishikilia. Hutegwa jioni na kutazamwa alfajiri.

Sasa fanya hesabu kidogo. Mvuvi mwenye kamba ya ndoano 500 anahitaji chambo 500 ili aitege mara moja. Wavuvi wa namna hiyo ni wengi, na wote hutafuta chambo kila siku. Hukipata wapi? Wengi hukivua pembeni mwa ziwa, kwenye majani na matete, ambako samaki huzalia na kulelea watoto wao. Wengine hutumia kokoro, ambalo limekatazwa na sheria kwa sababu linazoa kila kitu, kubwa na changa, mayai na majani. Mwaka 2007 watafiti wetu wa uvuvi walionya kwamba furu, ambao walikuwa wamepungua mno katika miaka ya 1980 na ndiyo kwanza wameanza kurudi, wanarudishwa nyuma tena kwa kuvuliwa chambo. Na huyo mkusanyaji mwenyewe hushinda maji ya magotini, ambamo kichocho kinamngoja.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, ukifuga mumi wa chambo vizuri, unamfaa mvuvi, unalifaa ziwa, na unajifaa mwenyewe.

KUTUNGA CHAMBO NA KUKAA SALAMA GHUBANI

Hapa nazungumza hasa na vijana wetu wanaokwenda kuvua. Mzazi naye asikilize, maana mtoto akienda ziwani wewe hulali.

Lowesha mkono kabla ya kumshika mumi, kwa sababu mkono mkavu humwondolea ute wa ngozi naye hudhoofika. Pitisha ndoano katika nyama ya mgongoni, juu juu, bila kugusa uti wa mgongo. Ukimtoboa tumboni au kwenye uti, umemuua, na chambo kilichokufa ulikuwa na haja gani ya kukinunua kwa bei ya kilicho hai? Waliobaki waweke kivulini, ndani ya ndoo iliyofunikwa, na uwabadilishie maji kwa maji ya ziwa kidogo kidogo.

Usitumie ndoano ndogo mno. Sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Ndoano ndogo yenye chambo kidogo humnasa mtoto, na ukimnasa mtoto umekula mbegu.

Sasa habari ya ghuba yenyewe. Ghuba ya Mwanza ni mkono mwembamba wa ziwa unaoingia kusini kati ya Misungwi na Sengerema. Ina shughuli nyingi kama soko la siku ya gulio. Vivuko vya Kamanga hukatiza kutoka mjini. Meli na boti za mizigo huingia na kutoka bandarini. Wavuvi wa dagaa huwasha taa zao, wengine wametega nyavu. Huko kusini, tangu tarehe 19 Juni 2025, magari hupita juu ya daraja la Kigongo na Busisi, lakini chini yake mitumbwi inaendelea na kazi zake. Mahali pana watu wengi namna hiyo, mwenye chombo kidogo ndiye anayepaswa kuwa na macho mengi.

Kumbuka haya. Meli haisimami kama baiskeli. Hata nahodha akikuona, chombo kikubwa huchukua umbali mrefu kabla ya kutii, na mara nyingi usiku hakuoni kabisa, kwa sababu mtumbwi wako umelala chini na hauna mwanga. Kwa hiyo usitie nanga wala usitege kamba katika njia ya vivuko. Kamba iliyotegwa njiani itakatwa na panga za injini, na hasara ni yako. Maboya yako yawe na kibendera kinachoonekana. Taa yako iwake usiku wote, hata kama huvui dagaa. Wimbi la chombo kikubwa likija, ligeuzie mtumbwi uso. Usilipokee ubavuni.

Kisha, msifunge mshipi kiganjani wala mguuni. Sangara mkubwa anaweza kupita kilo 100, naye akikata shauri kuondoka ataondoka na wewe. Zungusha mshipi kwenye kijiti, umpe nafasi akivuta, umrudishe akichoka, wala msisimame ndani ya mtumbwi kwa furaha ya kumwona. Mvuvi asiende peke yake, na jaketi la kuokolea livaliwe. Jaketi lililokaliwa kama mto halijamwokoa mtu yeyote. Wingu jeusi likisimama na upepo ukigeuka ghafla, rudini pwani. Chambo kitapatikana kesho.

Na jambo la mwisho kwa mvuvi: leseni. Nenda kwa afisa uvuvi ujiandikishe. Katika mwalo wa samaki uliosimamiwa vizuri, hata ukichelewa kurudi kuna mtu atakayeuliza uko wapi.

JIBU LA MZEE

Nimetaja mwalo wa samaki. Sisi wa ukanda huu wa dhahabu tuna mialo ya aina mbili: mwalo wa samaki ufukoni, na mwalo wa dhahabu machimboni. Neno ni moja, lakini maji yake si mamoja. Tumrudie mzee wetu aliyesema, "Chambo hakiliwi na mtu."

Katika mwalo wa dhahabu, wachimbaji wadogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki. Zebaki ile haiishi yote motoni. Nyingine hubaki katika marudio, mvua huisukuma, nayo huishia mabwawani na mitoni. Kule chini, katika matope, vijidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza kuwa sumu ya namna nyingine inayoingia mwilini kwa urahisi zaidi. Wadudu wa majini huimeza, mumi hula wadudu, na sumu hubaki katika nyama yake. Haitoki upesi. Kila anayemla mwenzake hurithi sumu ya wote aliowala. Kwa hiyo mdogo ana kidogo, mkubwa ana nyingi.

Sasa mchukue huyo mumi umtie kwenye ndoano. Si kila chambo huleta samaki aliyenaswa. Wako sangara wanaokata na kwenda zao, na wako mumi wanaochomoka ndoanoni. Na sangara aliyenaswa ambaye amekwisha kummeza mumi yule, nani anamla? Ni mimi na wewe, na mama mjamzito, na mtoto aliyeanza kula. Chambo hakiliwi na mtu, ni kweli, lakini kinapita mlango wa nyuma.

Jambo hili si hadithi ya kutishia watoto. Huko Japani kuna mahali paitwapo Minamata, penye ghuba kama ile yetu, na watu wake walikuwa wavuvi. Kiwanda kimoja cha kemikali kilikuwa kikimwaga zebaki baharini kwa miaka mingi. Samaki waliendelea kuonekana samaki, na watu wakaendelea kula. Mwaka 1956 ugonjwa ulitambuliwa rasmi. Watu walipoteza hisia za mikono na miguu, macho yakafifia, ulimi ukawa mzito, na watoto wakazaliwa na ulemavu ilhali mama zao walionekana wazima. Hata paka waliokula samaki walianguka kwa kifafa. Kwa kumbukumbu ya mahali hapo, mkataba wa mataifa wa kupunguza matumizi ya zebaki ulipitishwa mwaka 2013 ukaitwa Mkataba wa Minamata, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Ndugu wasikilizaji, msinielewe vibaya. Sisemi sangara wa ghuba wana sumu, na msiache kula samaki kwa ajili ya mazungumzo haya. Nasema tusiwapelekee sumu kwa mikono yetu wenyewe. Wala simlaumu mchimbaji, kwa maana wengi wetu tunaosikiliza tuna mtoto au ndugu ndani ya duara. Nasema maji ya mwalo wa dhahabu yasifuge samaki, yawe ya kula au ya chambo. Yasinyweshwe mifugo. Na duara lililoachwa lizungushiwe uzio wa miiba au lifukiwe, kwa sababu licha ya sumu, watoto huzama humo.

Nilipomaliza kumweleza mzee, alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Basi, bwana shamba, umekuja kunikataza tu, au umekuja na kingine?"

Swali hilo lilinichoma, na lilistahili jibu. Jibu ni hili lifuatalo.

KUFUGA MUMI WA CHAMBO

Chagua mahali palipo juu ya mkondo wa maji ya machimbo, si chini yake. Tembea mwenyewe wakati wa mvua uone maji yanatoka wapi. Udongo wa mbuga hushika maji vizuri. Udongo wa kichanga, tunaouita luseni, huyanywa. Ukitaka kujua, chimba shimo la kufika kiunoni, lijaze maji jioni, ulitazame asubuhi. Jihadhari pia na maji yanayotoka katika shamba la pamba lililopigwa dawa, kwa maana dawa ya wadudu huua samaki upesi.

Kwa kuanzia, bwawa la mita 10 kwa mita 5, kina cha mita 1, linatosha. Kingo zishindiliwe, na upande mmoja uwe na bomba la kutolea maji. Weka debe moja la samadi kavu ya ng'ombe ndani ya gunia, ulizamishe pembeni. Baada ya siku kadhaa maji yatakuwa ya kijani. Kijani hicho ndicho chakula cha kwanza cha samaki wachanga, maana humo mna vijidudu wanavyovila.

Mbegu utaipata wapi? Mumi jike wa kilo moja anaweza kuwa na mayai makumi elfu, lakini bwawani hatagi kwa urahisi. Hungoja mafuriko na majani. Wataalamu humchoma sindano ya kichocheo ili atage, na katika joto zuri mayai huanguliwa baada ya siku moja hivi. Kazi hiyo ina utaalamu wake, wala sikushauri uanze nayo. Nunua vifaranga vya sentimita 2 hadi 3 kwa mzalishaji anayetambuliwa, kisha uwakuze. Muulize afisa uvuvi wa wilaya akuelekeze kwa mzalishaji, na akupe kibali cha kusafirisha samaki hai. Wakala wa mafunzo ya uvuvi wana chuo pale Nyegezi, Mwanza, nako kuna watu wa kukusaidia. Kwa bwawa nililolitaja, anza na vifaranga 2,000.

Walishe mara 3 kwa siku, kidogo kidogo. Saga dagaa, changanya na pumba laini ya mpunga na mashudu kidogo ya pamba. Mashudu yasizidi, hayawafai wachanga. Toa kiasi wanachokimaliza katika robo saa. Chakula kinachobaki huoza na kuchafua maji.

Sasa sikilizeni siri kubwa ya mumi: anakula ndugu zake. Mmoja akiwazidi wenzake kidogo tu, anaanza kuwameza, na kwa kuwameza anakua zaidi, na kwa kukua anameza zaidi. Dawa yake ni mbili. Moja, wasilale njaa. Mbili, kila baada ya wiki moja au mbili wavute kwa kimia, uwatenge wakubwa na wadogo. Wakubwa wapeleke kwenye kibwawa kingine, au wapeleke jikoni. Mfugaji asiyetenga huanza na samaki 2,000 akamaliza na majitu 50.

Adui wengine ni vyura, kenge, nyoka na ndege. Zungushia bwawa majani au matete yaliyosukwa, futi 2 hivi kutoka ardhini, na ukiona mayai ya vyura yatoe kila asubuhi. Juu tandaza kamba za katani za kuzuia ndege.

Baada ya wiki 6 hadi 8, kama chakula hakikukatika, mumi atakuwa na urefu wa kidole chako cha kati. Hapo ndipo mvuvi anamtaka. Katika 2,000, ukipata 1,000 kwa mara ya kwanza umefanya vizuri. Kumbukeni ile hesabu: samaki 1,000 ni mitego 2 tu ya mvuvi mwenye ndoano 500. Kwa hiyo mfugaji mmoja hawezi kumtosheleza mnunuzi. Ungeni kikundi cha watu 5 au 6, mpishane tarehe za kupandikiza, ili kila wiki awepo mwenye chambo. Na kabla ya kuchimba hata shimo moja, nendeni kwanza mwaloni mkakubaliane na mnunuzi: ukubwa, siku, na bei kwa kila samaki 100. Andikeni gharama zote, tangu vifaranga, dagaa, hadi nauli. Bei isipopita gharama, msichimbe.

SAFARI YA CHAMBO

Hapa nawaambia kosa langu mwenyewe. Mara ya kwanza kupeleka chambo ghubani niliandamana na mfugaji mmoja. Tulikuwa na mapipa 2 ya plastiki. Samaki walikuwa hai mpaka tulipofika mjini. Mimi, kwa ujuzi wangu, nikasema maji yamechafuka, tuyabadilishe. Tukakuta bomba, tukamwaga maji yote, tukajaza ya bomba. Kabla hatujafika mwaloni walikuwa wanaelea matumbo juu. Maji ya bomba la mjini hutiwa dawa ya klorini ya kuua vijidudu vya maradhi, na dawa hiyo huwaua samaki pia. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo darasani, na bado nikalisahau barabarani. Mwenzangu hakunilaumu kwa maneno, lakini safari ya kurudi ilikuwa ndefu.

Kwa hiyo shikeni haya. Msiwalishe samaki siku moja kabla ya safari, ili wasichafue maji. Safirini usiku au alfajiri. Pipa lisijazwe, nusu ya maji na nusu ya hewa yatosha, na kifuniko kiwe na matundu. Chukueni maji ya akiba kutoka bwawani. Mkifika, changanyeni maji ya ziwa kidogo kidogo mpaka joto lilingane. Waliokufa wasiuzwe kwa jina la waliokuwa hai.

MWISHO

Mtapenda kujua habari za mzee. Duara lile aliliwekea uzio wa miiba. Alichimba bwawa upande wa juu, karibu na majaruba yake. Mara ya kwanza hakutenga samaki, wakalana, akapata wachache tu na hasara juu. Alinitumia salamu kwamba ushauri wangu una meno. Mara ya pili alitenga, akauza, akarudisha gharama na kubakiwa na kiasi cha kununulia vifaranga vingine. Si utajiri. Lakini kijana wa dada yake akinunua chambo kile, anajua kimetoka maji gani, na mzee akila sangara anajua amelishwa nini.

Ninyi mnaosikiliza katika vikundi, jadilini maswali haya kabla hamjatawanyika:

1. Maji ya machimbo ya kwetu yanaelekea wapi mvua ikinyesha, na ni nani anayeyatumia huko chini?

2. Ni maduara mangapi yaliyoachwa wazi kijijini kwetu, na nani atayazungushia uzio?

3. Vijana wetu walioko ghubani, je, wana taa, jaketi na leseni?

4. Kama tungefuga mumi wa chambo kwa kikundi, nani angetoa eneo lililo juu ya maji machafu?

Swali la kwanza ndilo zito kuliko yote. Anzeni nalo.

Nawatakia kazi njema, na mavuno mema ya nchi kavu na ya majini. Kwaherini.